Nungunungu na Maji ya Bibi Harusi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mto, na kando ya mto pakawa mji.

Na ng'ambo ya mto?

Ng'ambo sijafika, sina la kusema. Sogeeni motoni. Na wewe Mwanakheri, mahindi hayo si yako peke yako, pitisha.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na mji ule ulikuwa na mila moja. Siku ya harusi, maji ya kumwogeshea bibi harusi aliyateka bibi harusi mwenyewe. Alikwenda peke yake, amejitanda shuka nyeupe, na kuteremka mtoni aliteremka kinyumenyume, amefumba macho. Kwa nini? Kwa heshima ya mzimu wa mto. Walisema ukimtazama mzimu, mvua hainyeshi.

Basi mabibi harusi wakawa wanateremka kinyumenyume. Wengine walirudi na maji. Wengine hawakurudi. Asiporudi, mji ulisema mzimu amempenda, amemwoa. Swala hakurudi, vigelegele. Pongo hakurudi, vigelegele. Tohe hakurudi, vigelegele, na pilau ikaliwa vilevile, maana chakula kilichopikwa hakirudi kuwa mchele. Bwana harusi alipewa sinia kubwa zaidi ili kumpoza moyo.

Katika mji ule aliishi Nungunungu, mwanamke mwenye miiba mgongoni na maswali mdomoni. Wenzake walimkwepa kwa yote mawili. Shoga yake alikuwa mmoja tu, Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Walikua pamoja, na Digidigi peke yake ndiye aliyejua kukaa karibu na miiba ile bila kuchomwa.

Siku moja Digidigi akaposwa. Mji mzima ukafurahi. Nungunungu naye akafurahi, kisha akakumbuka maji ya harusi, na furaha ikamkauka.

Akaenda kwa Kobe, mkuu wa mila. Akamwuliza mzimu ameoa wake wangapi, na ni mkwe gani huyo asiyewahi kuleta mahari, hata kuku mmoja. Kobe akakohoa, akavuta shingo ndani.

"Mzee Kobe, mzimu huyo umemwona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na Kima."

Akaenda kwa Kima. Kima anakaa juu ya mti, mto wote anauona. Lakini siku za harusi, alisema, hufumba macho kwa adabu.

"Bwana Kima, mzimu huyo umemwona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na Ngiri."

Akaenda kwa Ngiri. Akamkuta amepiga magoti anakula majani, maana Ngiri hali mpaka apige magoti.

"Bwana Ngiri, mzimu huyo umemwona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa," akasema Ngiri, "na mzimu mwenyewe." Akaeleza kwamba zamani alikuwa anakula ukingoni, mgongo ameupa mto, akasikia sauti majini. Sauti ikasema waletwe mabibi harusi, mmoja mmoja, waje kinyumenyume, wamefumba macho. Na wakiwa wanene, vizuri zaidi.

"Wanene?"

"Kila mtu na mapenzi yake."

"Na wewe uligeuka ukamwona?"

"Niligeuka, lakini upande wa nyumbani." Alikuwa amekimbia, mkia juu, mpaka uani kwake.

Nungunungu akashika njia ya mtoni. Akaenda akitazama mbele, macho kayakodoa. Kwenye tope akaona nyayo za Tohe zikiteremka kinyumenyume. Za kurudi hakuziona. Kando yake palikuwa na mburuzo mpana wa tumbo na mkia. Akasimama pale akautazama mto usoni, akingoja ukame. Jioni ileile ikanyesha mvua, ikamlowesha mpaka kwenye mizizi ya miiba.

Akakimbilia barazani akasimulia. Watu wakakasirika sana, si kwa sababu ya ule mburuzo, bali kwa sababu ameuangalia. Kobe akasema mtoto wa watu hana adabu. Kima akasema hana adabu. Ngiri akasema adabu hana kabisa.

Digidigi akamfuata pembeni. "Shoga, wote wanasema mzimu yupo. Wote wanaweza kukosea?"

"Hao wote ni mmoja, mwenzangu. Kobe kaambiwa na Kima, Kima kaambiwa na Ngiri, na Ngiri alikuwa anakimbia. Niazime shuka yako."

Siku ya harusi ikafika. Nungunungu akajitanda shuka, na miiba ikaiinua mpaka akafanana na hema. Bwana harusi alimwona kwa mbali, akawaambia wenzake kwamba mchumba wake amenenepa kwa furaha.

Akateremka kinyumenyume huku akiimba, nanyi nipokeeni:

Nakuja, mume wangu, nakuja!

Umeona au umeambiwa?

Nakuja, mume wangu, nakuja!

Umeona au umeambiwa?

Nakuja, mume wangu, nimefika!

Umeona au umeambiwa?

Majini yakachomoza macho mawili. Alikuwa Mamba. Akaiona ile shuka ilivyojaa, mate yakamtoka, akapanua kinywa hadi mwisho wa taya. Sasa, wanangu, nungunungu akitaka ugomvi hupigana kwa nyuma. Huisimamisha miiba na kurudi kinyumenyume kwa nguvu zote. Mila ile ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yake.

Mamba akafunga kinywa mara moja tu. Akaruka mpaka ukingoni, akabingirika, miiba imejaa ulimi, shuka inaning'inia menoni. Akanguruma mpaka mji mzima ukaja mbio mtoni, na Ngiri akaruka. "Hiyo ndiyo sauti," akasema, na safari hii alikuwa anatazama.

Watu wote walikuwa wanatazama. Hapakuwa na vigelegele. Mama yake Swala aliketi chini palepale kwenye tope akalia, kilio alichonyimwa siku ya harusi ya mwanawe, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Mamba akajiburuza akaelekea chini ya mto, na hajaonekana tena.

Kesho yake, harusi ikiwa bado inasubiri maji, Kobe akaitisha baraza. Akatangaza mila mpya: mto ni salama, Nungunungu amesema. Kima akasema, Nungunungu amesema. Ngiri akapiga magoti. Nungunungu akavimba kwa raha, miiba ikalala yote.

Digidigi akachukua mtungi, akafika ukingoni, akasita.

"Shoga," akasema, "uhai wangu ni wako. Lakini huo usalama wa mto, umeuona au umeambiwa?"

Nungunungu, aliyekuwa amemsindikiza, akasogea naye ukingoni.

Digidigi akaokota jiwe akalitupa kwenye magugu. Magugu yakatikisika. Yakachomoza macho mawili, mekundu kwa hasira: mke wa Mamba, amekuja kuuliza nani kamchoma mumewe. Digidigi aliruka juu kuliko digidigi yeyote kabla yake, akatua nyuma ya shoga yake bila kuchomwa hata mwiba mmoja.

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. Miaka yote mji mzima ulikuwa unauliza kwa mdomo wake peke yake. "Haya," akasema, "sasa tuko wawili."

Bibi harusi akaogeshwa kwa maji ya mvua, na safari hii pilau ikaliwa bibi harusi mwenyewe akiwepo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kwenda kuangalia si utovu wa adabu, hata aliyekuambia akiwa Nungunungu.

Hadithi yangu naiweka chini, mwenye mikono aiokote. Nani aliniambia? Shangazi yangu. Alikuwepo? Hata. Basi msiniamini, nendeni mtoni mkaone, lakini mchana, na mtazame mbele. Na Mwanakheri amemaliza mahindi yote. Hilo sikuambiwa, nimeliona.