Kijiko cha Babu Lugendo

Paukwa!

— Pakawa!

Aa! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Naam, sasa tunaelewana. Sogeeni.

Zamani hizo, bibi ya bibi yangu akiwa bado hajazaliwa, palikuwa na kijiji cha wafugaji, na humo aliishi mjane aitwaye Nyamizi. Mumewe alimwachia watoto wawili na ng'ombe mmoja. Mmoja tu! Jina lake Kijivu. Watoto wale waliishi kwa maziwa ya Kijivu.

Kijivu akazaa. Ndama akahara, akafa. Akazaa tena. Ndama akahara, akafa. Akazaa mara ya tatu. Akahara, akafa. Hakuna aliyemaliza wiki mbili.

Kila ndama alipokufa, Nyamizi alimchuna, akajaza ngozi nyasi, akaisimamisha mbele ya Kijivu wakati wa kukamua. Ng'ombe akiiramba ngozi, akidhani mwanawe yu hai, ndipo maziwa yakashuka. Chwaa, chwaa, chwaa. Nyamizi akikamua huku analia. Wewe usingelia?

Sasa mimba ya nne ikaingia. Kijivu alikuwa amezeeka, meno yamekwisha, na kila mtu aliona kuwa huo ni uzazi wake wa mwisho. Ndama huyu akifa, zizi la marehemu limefungwa, na watoto wa Nyamizi watakunywa maji.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ng'ombe akizaa, maziwa yake ya kwanza, yale mazito ya njano, yaani dang'a, hayakuwa ya ndama. Yalipikwa yakagandamana, yakapelekwa kwa wazee. Ndama alifungwa kamba pembeni, akanyweshwa uji mwepesi mpaka siku ya tatu. Eti dang'a itamkaba tumbo! Ndivyo walivyosema, na waliosema ndio waliokula.

Na hakuna aliyeipenda dang'a kama Babu Lugendo. Jamani, mzee yule! Alikuwa na kijiko cha pembe, amekichomeka kiunoni, masika na kiangazi. Ng'ombe akizaa ng'ambo ya mto, yeye ameshafika, ameketi, anauliza kama moto umewaka. Lakini msimcheke sana. Kesi zote za kijiji aliziamua yeye, na kabla ya kuamua aliuliza, akasikiliza.

Basi asubuhi moja Kijivu akazaa ndama jike. Mbeee! Ndama akajikongoja kumfuata mama yake. Nyamizi akamfunga kamba pembeni, akakamua, akateleka chungu, akaanza kukoka moto.

"Hodi hapa!"

"Karibu, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Imeiva?"

"Bado, babu. Kuni zimelowa."

Babu Lugendo akaketi kungoja. Macho yake yakatembea uani, yakafika kwenye ua wa miti. Pale zilining'inia ngozi tatu ndogo.

"Zile ngozi za nani?"

"Za watoto wa Kijivu, babu."

"Tatu?"

"Tatu."

Babu akachomoa kijiko chake, akakitazama. "Na mimi nimekula dang'a ya hapa mara ngapi?"

Nyamizi akainamisha kichwa. "Mara tatu, babu."

Ndama akalia, mbeee!

"Kijivu mwenyewe alizaliwa wapi?"

"Porini, babu. Marehemu alipomkuta, jua lilikuwa limeshapanda, na yeye ameshanyonya. Mdomo wote wa njano."

"Akahara?"

"Hakuhara hata siku moja."

"Na wale watatu, siku ya tatu uliwaachia wanyonye?"

"Niliwaachia, babu. Walinyonya sana."

"Na wakafa," akasema Babu. "Basi siku ya tatu tumeshachelewa. Epua chungu."

Nyamizi akashtuka. "Babu, wazee watasema nimewadharau!"

"Wataniambia mimi. Fungua kamba, mwanangu. Upesi!"

Kamba ikafunguliwa. Lakini ndama alikuwa ameshachoka kulia, miguu imelegea, hata kichwa hakiinuki. Babu Lugendo akapiga magoti kwenye samadi akiwa na shuka lake safi. Akachota dang'a ya vuguvugu kwa kijiko kile kile cha pembe, akamtilia mdomoni. Tone. Tone. Kijiko. Kijiko kingine. Ndama akameza. Akalamba mpaka chungu kikabaki kitupu. Akasimama! Akaenda kwa mama yake. Mfyo, mfyo, mfyo.

"Huyu mama ameugua magonjwa yote ya zizi hili, akapona," Babu akasema. "Naona dawa iliyomponya imo humu. Mtoto amezaliwa mikono mitupu. Mama anamgawia kinga yake, imshike mpaka ajue kujitengenezea ya kwake. Lakini tumbo lake lina mlango, na mlango uko wazi leo. Sisi tulikuwa tunaleta chakula mlango umeshafungwa."

Mzee Ngasa, mmoja wa wale wazee wa dang'a, akaja na bakuli, akakuta chungu kitupu. "Lugendo! Leo tunakula nini, upepo?"

"Leo amekula mwenyewe, ndama," akajibu Babu.

Wazee wakanuna. Wakanuna siku kumi. Siku ya kumi kuhara kukaingia kijijini, ndama wa majirani wakaanza kuanguka. Ndama wa Nyamizi naye akalala chini, tumbo linaendesha, masikio yameshuka. Nyamizi akazitazama zile ngozi tatu. Babu Lugendo akaja, akaketi kando yake. Wakakaa hivyo mpaka jua likazama.

Kesho yake adhuhuri ndama akapiga chafya. Chya! Akainuka, akajinyoosha, akaenda kunyonya. Nyamizi akapiga vigelegele mpaka Mzee Ngasa akatoka nje mbio, akidhani kuna harusi.

Miaka ikapita. Ndama yule akawa ng'ombe, naye akazaa. Babu Lugendo alikuwa haoni tena, na tangu asubuhi ile alikuwa hajaonja dang'a. Nyamizi akampelekea bakuli. Babu akasikia harufu, mkono ukaenda kiunoni kwenye kijiko. Ukasimama hapo hapo.

"Ndama amenyonya?"

"Amenyonya, babu. Ameshiba, amelala. Haya ni yaliyobaki."

Ndipo akala, taratibu, machozi yakimdondoka kwenye bakuli.

Babu alipofariki, Nyamizi alikichukua kile kijiko, akakitundika kwenye mlango wa zizi, na zile ngozi tatu akazizika. Na watu wa kijiji kile, mnyama akizaa, hawaulizi kwanza kama ni dume au jike. Wanauliza, "Amenyonya?"

Basi nanyi, mkiwa wakubwa, bakuli likiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza kama mdogo ameshapata. Mimi yangu ndiyo hiyo, imeishia hapo, kwenye mlango wa zizi.