Binti Ngiri na Bakuli la Singo

Paukwa!
Pakawa!
Hee, mmeshiba nini hata sauti hazitoki? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, palikuwa na Binti Ngiri. Binti Ngiri kaposwa! Kaposwa na nani? Na Bwana Ngiri wa ng'ambo ya mto. Harusi Ijumaa!

Bi Kobe, somo wake, akamweka ndani siku saba, ndiyo ada ya maharusi. Akatwanga manjano, twa, twa, twa! Akachanganya na liwa, unga wa mti unaonukia, ikawa singo. Akampaka biarusi usoni, mgongoni, mpaka kwatoni. Loo! Biarusi akang'aa!

"Somo, na nikiyala?"

"Chembe kwenye mchuzi, mwanangu. Usisahau, wewe unakunywa dawa ya Daktari Bundi, ya kulainisha damu. Haya ya bakulini ni ya ngozi."

"Ndiyo, somo."

Bi Kobe akatoka, taratibu, taratibu. Hajafika mlangoni, mwenzenu kijiko mkononi! "Nje nimeng'aa hivi, ndani si nitawaka?" Asubuhi kijiko, mchana kijiko, jioni vitatu.

Siku ya tatu tumbo likaunguruma, nguru-nguru-nguru. Akanyamaza. Siku ya nne chooni mara saba. Akanyamaza. Aliogopa harusi itavunjika.

Alhamisi, akirudi mbio kutoka chooni, mwiba ukamchoma mguuni. Damu chururu! Watu wa nyumbani wakafunga kitambaa. Chururu! Wakafunga kingine. Chururu! Na ng'ambo ya mto ngoma za bwana harusi zinalia: ndu, ndu, ndu!

Daktari Bundi akaja akiruka. "Umekula nini, binti?"

"Sijala kitu!"

Mdomo wazi: meno ya manjano, ulimi wa manjano, hata mate ya manjano! Bi Kobe akacheka mpaka akaanguka chali, miguu hewani, hawezi kugeuka.

Daktari hakucheka. "Dawa yangu inalainisha damu. Manjano mengi nayo yanalainisha damu; vikikutana, damu haigandi. Ukiendelea kuficha, kesho tutakuzika badala ya kukuoza."

Binti Ngiri akaangua kilio. "Nimekula! Bakuli zima! Sitaki kufa, daktari, nataka kuolewa!"

Daktari akakibana kidonda kwa kucha zake, akabana, akabana, mpaka damu ikakata. Harusi ikasogezwa wiki moja. Wakwe wakakaa, wakala, wakanenepa.

Siku ikafika. Bwana harusi akafunua shela. Biarusi akatabasamu. Meno bado ya manjano!

"Jamani!" akapiga kelele bwana harusi. "Mke wangu ana meno ya dhahabu!"

Vigelegele! Na Bi Kobe chali tena.

Basi, wadogo kwa wakubwa: manjano kidogo mchuzini ni mazuri. Usiyabugie kwa vijiko. Na ukiwa unakunywa dawa, mwambie daktari kila unachokula, asije akakigundua kwa kutazama meno.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa maharusi. Twendeni tukamgeuze Bi Kobe.