Jiko Lisilokula Kuni

Jiko lisilokula kuni hula za jirani. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia kaka yenu asubuhi hii, alipomsikia anataka kununua lile sanduku linalosemekana kutoa umeme bila jua, bila mafuta na bila maji. Kaka yenu kanuna, nyinyi mmecheka, na mmoja wenu kaniuliza hilo jiko lilikuwa la nani. Swali zuri. Kaeni basi, na wewe simu iweke chini, maana maneno haya yalizaliwa jikoni kwa mwanamke mwenye wivu, na habari za wivu hazisimuliwi mbio mbio.

Mwanamke huyo aliitwa Siwatu, mke mkubwa wa Shekiondo, wa Kwemkande huku huku milimani. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alipoolewa alikuta nyuma ya nyumba mteremko mtupu unaomomonyoka kila mvua inaponyesha. Akaupanda miti kwa mikono yake, mtoto mgongoni, mpaka ukawa msitu mdogo uliowapatia kuni watu wote wa nyumba ile. Kisha Shekiondo akaoa mke wa pili, Hidaya, binti wa sauti ya upole na mkono mzuri wa kupika. Tangu hapo Siwatu hakupata raha. Hidaya akicheka, moyo wa Siwatu unachoma. Mume akisifu mboga ya kule, yeye hamu ya kula inamtoka. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Siwatu alikonda kweli, kanga zikawa zinamvuka.

Sasa akapita fundi mmoja mgeni, Salimini jina lake, akiuza majiko. Lilikuwa sanduku la udongo lenye kifuniko, kuta zake zimeshindiliwa pumba za mpunga, na ndani yake jiwe jeusi zito. Unaweka chungu juu ya jiwe, unafunika, unakwenda zako shamba. Ukirudi, chakula kimeiva, na hukuchoma hata kijiti. Salimini alieleza kwamba jiwe lile lina moto wake lenyewe, uliofungiwa humo tangu dunia kuumbwa. Halili kitu, alisema, bali huamshwa tu kila alfajiri. Shekiondo akanunua jiko moja. Moja tu, na akampa Hidaya.

Mnajua makande yanavyokula kuni. Utachochea mpaka macho yawe mekundu, na maharage bado yanagonga meno. Hidaya akawa anapika makande amevaa kanga safi, ukuta wa jikoni kwake mweupe, hana harufu ya moshi. Wanawake walitoka vijiji vya chini kuja kumtazama. Walipita mlangoni kwa Siwatu, wakamsalimu kwa adabu, wakaenda zao kwa mwenzake. Siwatu akabaki na moshi wake na uchungu wake.

Kisha likaja jambo jingine la kumzidishia. Rundo lake la kuni likaanza kuisha upesi. Aliweka mzigo jioni, kesho yake umepungua. Aliwagombeza binti zake kwamba wanachochea ovyo. Akawashuku majirani. Shekiondo naye hakumwonea huruma, alimwambia mbele ya watoto kwamba mwenzake hali hata kijiti, na yeye anateketeza msitu kama anapikia harusi.

Mwishowe Shekiondo na Salimini wakapatana. Salimini angeleta majiko mengi, Shekiondo ayauze kwa watu wa bondeni, na badala yake fundi angeuchukua ule msitu wote, aukate. Kuni za nini tena? Siwatu aliposikia, aliacha chungu motoni akatoka. Akamuuliza mumewe: mtu mwenye jiko lisilokula kuni, miti anaitakia nini?

Swali hilo lilikuwa na maana kuliko yote yaliyosemwa kijijini mwezi ule. Lakini alilisema kwa mdomo uliopinda, na watu wakausikia mdomo, hawakulisikia swali. Shekiondo akamjibu kwamba huo ni wivu. Hata kaka yake mwenyewe, alipomwendea kumwomba amsemee, alimwambia hivyo hivyo. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba walisema kweli. Wivu alikuwa nao.

Nyumba ile ilikuwa na desturi. Moto wa mke mkubwa ndio moto wa nyumba. Jioni hufukiwa kwa majivu, asubuhi hufukuliwa, hauzimwi, na mwenye kuutaka huuchukua bila kuomba. Jioni ya kuamkia siku ya kukamilisha makubaliano mbele ya mashahidi, Siwatu aliketi jikoni akalia. Alipomaliza kulia akachukua mtungi, akamimina maji juu ya moto mpaka ukanyamaza kabisa. Msinisifie akili zake hapo, haikuwa akili. Kilikuwa kinyongo. Alisema moyoni, kama mume wake ameona moto hauna kazi, basi nao usiwepo.

Asubuhi hakwenda kisimani kama kawaida yake. Aliketi kizingitini, amejifunika kanga, akisubiri waje wauone ubaya wake. Aliyekuja wa kwanza alikuwa Hidaya, amebeba lile jiwe kwenye karai, maana wageni wa makubaliano walikuwa wanakuja na yeye ndiye wa kuwapikia. Akaingia, akafukua majivu, akakuta tope.

"Dada, moto umezimika," akasema.

"Nimeuzima mimi."

Hidaya akalitua karai lake chini. "Sasa jiwe nitaliamshia wapi?"

Siwatu hakuelewa. Akamuuliza huwa analiamsha vipi. Hidaya akamweleza bila kuficha, kwa kuwa hakuona la kuficha: Siwatu akienda kisimani, yeye hulifukia jiwe kwenye moto huu, huongeza kuni mpaka liwe jekundu, kisha hulirudisha kwenye jiko lake.

"Huongeza kuni zipi?"

Hidaya akalitazama rundo lililobaki ukutani. Sauti ikamshuka. "Lakini hiyo si kupika, dada. Ni kuliamsha tu. Fundi alisema hiyo haihesabiwi."

Wakati huo Shekiondo alikuwa amefika mlangoni na Salimini na wageni wawili, kuharakisha chakula. Walisikia. Salimini akawa mwepesi wa kusema. Akatabasamu, akaeleza kwamba jiwe ni kitu cha heshima, hupoa likikaa penye husuda, na nyumba hii kila mtu anajua husuda inakaa upande gani. Wanaume wote wakageuka wakamtazama Siwatu.

Kwa mara ya kwanza hakuinamisha uso.

"Wivu ninao, Baba Zaina," alimwambia mumewe. "Sikatai, na leo ninao kuliko jana. Lakini jiwe hili halikupozwa na wivu wangu. Limepoa kwa sababu moto wangu nimeumwagia maji. Fundi anasema halili. Basi na lipike sasa, na miti mkaikate."

Hidaya akalirudisha jiwe kwenye jiko lake, akateleka chungu juu yake, akafunika. Wageni wakaketi. Salimini alizungumza sana mwanzoni, kisha kidogo, kisha akakumbuka ana mtu wa kuonana naye bondeni. Jua lilipofika utosini Shekiondo akafunua chungu, akatia kidole. Maji yalikuwa baridi kama yalivyotoka kisimani, na maharage yamelala chini magumu.

Shekiondo alikitoa chungu, akaweka kiganja juu ya jiwe. Kisha akaenda kusimama mbele ya rundo la kuni la mke wake mkubwa, akalitazama kama mtu anayesoma jina lake. Mgeni mmoja akauliza kama makubaliano bado yapo.

"Miti haikatwi," Shekiondo akasema. "Jiko lisilokula kuni hula za jirani. Na mimi nilimtukana huyo anayeliwa."

Hidaya akaanza kulia. Akamwambia Siwatu kwamba hakujua, wallahi hakujua kama alikuwa anakula kwake. Siwatu alimwamini, na kumwamini huko hakukumfurahisha hata kidogo, kwani angependa sana awe mwizi. Akamtuma akaombe kaa la moto kwa jirani, wakawasha upya, wakapika wote wawili kwenye moshi mmoja.

Wivu wake uliisha? Haukuisha. Alikwenda nao kaburini, na Hidaya akicheka ng'ambo ya ua bado ulimchoma. Lakini tangu siku ile, Siwatu akiuliza jambo, hata kwa mdomo uliopinda, watu wa Kwemkande walilijibu swali kwanza, habari za mdomo baadaye. Nanyi mkiambiwa kuna kitu kinachotoa na hakipokei, msiombe kuonyeshwa kinavyopika. Ombeni kuonyeshwa kinapoamshwa, na ni moto wa nani. Maana jiko lisilokula kuni hula za jirani.