Makosa ya Kukaa na Makosa ya Kusimama

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini mzee wa baraza huku kwetu milimani huamua ugomvi wa kuku akiwa amekaa, na wizi wa ng'ombe akiwa amesimama. Mapenzi ndiyo yaliyoleta hayo. Msicheke.

Hapo kale kosa lilikuwa kosa tu. Aliyeua na aliyemwaga maziwa ya jirani walipata adhabu moja, kuhamishwa ng'ambo ya mlima wasirudi. Mwamuzi alikuwa Senzighe, mtu mrefu, mkavu, asiyekula cha mtu. Alisimama katikati ya baraza, akanyoosha mkono kuelekea mlimani, na kesi ikawa imekwisha. Watu walimsifu kwa kutopendelea, huku nyumba zikibaki tupu moja baada ya nyingine.

Mmoja wa waliohamishwa alikuwa Mbonea, kijana aliyevunja mtungi wa watu kisimani. Mama yake, Namkunda, hakulalamika. Alingoja mwaka mzima.

Asubuhi moja moto ulimzimikia Nakijwa, mke wa Senzighe. Namkunda alikuwa kisimani, basi Nakijwa akaingia jikoni kwake, akachukua kaa moja la moto, akaenda kuinjika uji wa mumewe. Adhuhuri Namkunda alikuwa barazani.

"Mwanangu ulimhamisha kwa mtungi," alisema. "Mkeo amechukua moto wangu bila kuomba. Nyoosha mkono, Senzighe."

Senzighe alimtazama mkewe. Walikuwa wameishi pamoja tangu wote wawili wana meno, na hakuna mwingine aliyejua uji wake uwe mzito kiasi gani. Nakijwa alikuwa amekwisha kufunga mzigo.

"Nyoosha tu, mzee wangu," alisema. "Na blanketi lako nimelitia humu, najua utanifuata."

Senzighe akakunja magoti, akakaa chini, vumbini, mbele ya watu wote, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana. Akalia bila kujificha. Kisha akasema kwamba lile lilikuwa kaa moja tu.

"Na mtungi ulikuwa mmoja," Namkunda akamjibu.

"Kweli. Nilikukosea, dada yangu."

Hapo hapo, bado amekaa, alianza kuyatenganisha makosa. Ya kuvunja, kumwaga na kuchukua kidogo bila ruhusa yangeamuliwa watu wote wakiwa wamekaa, na mkosaji angeomba radhi na kurudisha. Ya wizi na kupiga watu yangeamuliwa kwa kusimama, na mkosaji angemtumikia aliyekosewa. Kuhamishwa kukabaki kwa aliyeua kwa kukusudia, basi. Nakijwa alihukumiwa kumpikia Namkunda siku saba, na nasikia walicheka jikoni siku zote saba.

Senzighe hakuwepo kuwasikia. Alikuwa amevuka mlima kwa miguu yake ya kizee, kwenda kuwaomba radhi aliowafukuza. Wengine walikataa kumsikiliza, na mmoja alikuta amekwisha kuzikwa. Mbonea alikubali, akarudi naye, ndevu zimemjaa, mama yake akamtambua kwa mwendo tu.

Na kuanzia hapo mpaka leo, mwamuzi wa kwetu akiingia barazani, watu huyatazama magoti yake kwanza. Yakikunjwa, mama wa mshitakiwa hushusha pumzi, kwa maana amejua mwanawe atalala nyumbani.