Upanga Seyidi Hana

Zama zile majini walipokuwa bado wakiingia na kutoka katika majumba ya wanadamu, mji wa Rasi Kafuri ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Nadhiri, mfalme mwenye enzi na fahari, na kasri la mawe meupe, na farasi waliotandikwa hariri, na hasira iliyokuwa na mbio kuliko farasi wote hao. Mashairi aliyapenda mno, na zaidi ya yote alipenda yaliyomsifu yeye.

Katika mji huo walikaa ndugu wawili mayatima, Lali na dada yake Mwanamize. Lali alikuwa mnakili wa vitabu, mwenye mkono mzuri ambao mahakimu walikuwa wakiugombea. Mwanamize alikuwa mtunzi. Yeye alitunga na kaka yake akaandika, na kwa kuwa desturi ya mji ule haikumruhusu mwanamke kusimama diwani, ukumbini mwa Sultani, kila shairi lilitoka kwa jina la Lali.

Basi Sultani akatangaza kwamba mwenye kutunga shairi litakaloukonga moyo wake atafanywa malenga wa kasri. Cheo hicho wakati ule kilikuwa cha bwana mmoja aitwaye Harithi, mghani ambaye akifungua kinywa hata walinzi husahau mikuki yao. Watu hawakujua kwamba sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya jini aitwaye Barkushi, aliyefungwa ndani ya pete ya shaba, akilazimishwa kuimba kooni mwa bwana wake apende asipende.

Mwanamize akatunga shairi la kumsifu Sultani kwa huruma, ilhali akijua fika kwamba huruma hiyo Sultani hana. Alitaka aisikie sifa hiyo mbele ya watu, aone haya, aanze kuwa nayo. Na mshororo uliobeba shairi zima, Sultani akiitwa humo Seyidi, ulikuwa huu:

*Upanga Seyidi hana,*
*huruma ndiyo silaha.*

Siku ya mashindano ilipofika, Lali alikaa mbele na washairi wenzake, na Mwanamize akakaa juu, nyuma ya pazia, pamoja na wanawake. Harithi ndiye aliyeghani mashairi ya wote. Alipolitazama la Lali, akaona kwamba cheo chake kinaondoka hivihivi mbele ya macho yake. Akaisugua pete, akaghani, na ile sauti tamu ikajaa ukumbini, mpaka ikafika kwenye mshororo ule, nayo ikasimama pasipostahili kusimama:

"Upanga Seyidi! Hana huruma, ndiyo silaha!"

Sultani akainuka taratibu.

"Mimi ni upanga? Sina huruma, na huko kukosa huruma ndiyo silaha yangu? Lete karatasi hiyo."

Akaletewa, akaisoma, na kwa kuwa maandishi ya zama zile yalikuwa yakifuatana moja kwa moja pasi na alama yoyote, alikuta maneno ni yale yale.

"Maulana," Lali akasema huku akipiga magoti, "pumzi imewekwa si mahali pake. Kituo kiko baada ya 'hana'. Nakusihi nikusomee mwenyewe."

"Maneno haya ni yako au si yako?"

Lali akamkumbuka dada yake aliye nyuma ya pazia. "Ni yangu, Maulana."

"Yamezidi herufi? Yamepungua?"

"La, Maulana, lakini—"

"Basi huna la kusema. Mchukueni. Mkono ulioandika haya uvunjwe kwanza, na baada ya sala ya alasiri akatwe kichwa."

Mwanamize akapiga ukelele, "Si yake! Ni yangu mimi!" lakini siwa, zile pembe za kifalme, zilikuwa zimekwisha kupulizwa, na wanawake walio karibu naye wakamziba mdomo kwa shela zao, wakimwambia, "Nyamaza, mwanangu, utatuponza sote." Akamuuma mmoja wao kiganja, akashuka ngazi mbio.

Hakulia. Watu waliomwona akipita njiani walisema baadaye kwamba walimpisha kama mtu anavyompisha ng'ombe aliyekata kamba. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Harithi, akamkuta amekaa barazani akinywa kahawa, akakipiga teke kile chano cha vikombe kikaruka hadi uani.

"Umemuua kaka yangu!"

"Mimi?" Harithi akapangusa kanzu yake. "Bi Mwanamize, nilibadili neno gani? Nilibadili hata nukta? Nilivuta pumzi tu, na pumzi ni haki ya kila mwenye mapafu."

"Ulivuta pumzi katikati ya shingo ya mtu. Ulijua shairi linataka kusema nini, ukalikata usemi wake kabla halijamaliza. Mwizi ana heri kuliko wewe, kwa sababu mwizi huchukua akaondoka, lakini wewe umechukua maneno yangu ukanirudishia yakiwa kisu!"

Alipotamka "maneno yangu," Harithi alielewa kila kitu, akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mtunzi ni wewe! Basi njoo, mtunzi, nikuonyeshe utunzi wenye nguvu." Na kwa kuwa kiburi kilikuwa kimempanda kichwani, na kwa kuwa alijua hakuna atakayemsikiliza mwanamke yule, alivua pete akamwekea kiganjani. "Ndani yake yumo jini. Mchawi aliyemfunga alimfunga kwa maneno haya, na yeyote mwenye pete ni bwana wake. Soma, uniambie kama wewe ungeweza."

Uso wa pete ulikuwa mwembamba, na mchongaji alikuwa amekata maneno hayo vipande viwili. Juu aliandika *wewe huru si*, na chini yake aliandika *mtumwa*.

Mwanamize akatazama, na hasira ile, badala ya kumpofusha, ikamfungua macho. Akaona kwamba kiumbe mwingine pia amefungwa maisha kwa mahali pa kuvuta pumzi. Akainua pete mbele ya uso wa Harithi, akasoma kwa sauti, na pale alipotaka yeye, akapumzika.

"Wewe huru. Si mtumwa."

Pete ikapasuka. Ukatoka moshi wa buluu, na moshi ukawa kiumbe mrefu kuliko mnazi, mwenye macho mekundu. "Miaka na miaka," Barkushi akanguruma, na vyungu vikapasuka jikoni, "miaka na miaka nimekuwa nikisubiri mtu mmoja ashushe pumzi mahali pake! Na leo mtu huyu amenifanya nimuue asiye na hatia kwa ulimi wangu mwenyewe!" Akamnyanyua Harithi kwa shingo.

"Mwache," Mwanamize akasema. "Namtaka akiwa hai, na namtaka diwani."

"Binti, mimi si mtumwa wa mtu tena."

"Sikuamuru. Nakuomba, na una hiari ya kukataa."

Jini akawachukua wote wawili kwapani, na kabla muadhini hajamaliza kuadhini alasiri, akawatua katikati ya diwani mbele ya Sultani, huku mawaziri wakikanyagana mlangoni. Lali alikuwa amekwisha kuletwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilicholowa damu.

Mwanamize alipouona mkono ule, adabu zote za kasri zilimtoka.

"Seyidi Ghalibu! Mtunzi ni mimi, Mwanamize binti Shebwana, na hakuna aliyeniuliza. Kaka yangu alikuomba akusomee, hukumpa nafasi. Sasa mwambie mghani wako aghani tena, kwa koo lake mwenyewe."

Sultani, ambaye hajapata kusemezwa hivyo tangu azaliwe, akampa Harithi ishara. Harithi akafungua kinywa, na ikamtoka sauti kama ya mlango uliooza bawaba. Barkushi akasimulia habari ya pete mbele ya wote. Kisha Mwanamize akaghani mwenyewe, bila sauti tamu, kwa sauti iliyokauka kwa ghadhabu, na alipofika kwenye "hana" akatua, akangoja, hata kila mtu ukumbini akaisikia pumzi yake, ndipo akaendelea: "huruma ndiyo silaha."

Uso wa Sultani ukasawijika. "Ole wangu! Nilisifiwa, nikadhani nimetukanwa. Askari! Mkateni kichwa Harithi sasa hivi!"

"Tena?" Mwanamize akasema. "Umekwisha kuita askari tena?"

Mkono wa Sultani ukabaki hewani, kisha ukashuka. Harithi akafukuzwa mjini, akatoka kwa miguu, na nyumba yake akapewa Lali pamoja na mali yote iliyokuwamo. Sultani akaamuru kwamba tangu siku ile asihukumiwe mtu kwa neno lake mpaka alisome kwa kinywa chake hadi mwisho, awe mwanamume au mwanamke. Kisha akasema, "Nawe, Mwanamize, nitakuoa, uwe malkia wa Rasi Kafuri."

"Seyidi, mume anayesikia nusu ya sentensi akaita mwenye upanga, simtaki."

Watu wakashika vichwa. Barkushi akacheka, paa likatikisika, akaenda zake angani akiimba kwa raha yake mwenyewe, na hakuonekana tena. Mwanamize akawa malenga wa kasri, wa kwanza mwanamke, na baadaye akaolewa na mchonga milango mmoja mpole, mtu ambaye ukisema naye hungoja mpaka umalize, na wakaishi kwa neema na watoto wengi. Sifa za Sultani hakuzitunga tena.

Mkono wa Lali uliunga, lakini uliunga vibaya, na kalamu haikukaa tena vidoleni. Siku ya Idi moja, Sultani alikwenda nyumbani kwake kwa miguu, peke yake, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani. Akasema, "Lali, nimekuja kukuomba msamaha."

Lali akautazama mkono wake uliopinda. Akasema, "Nitakusamehe, Seyidi," kisha akanyamaza.

Mwanamize alikuwa amesimama mlangoni. Na Sultani Ghalibu bin Nadhiri, mwenye enzi na fahari, akainamisha kichwa akangoja, asijue kama Lali amemaliza, au amepumzika tu.