Nyumba Iliyokwenda Kumsalimu Bibi

Hapo zamani, katika mji wa Kitumbani, ilizuka homa ya kikohozi ikawakamata wakubwa kwa wadogo, na watu wengi wakafa. Basi Sultani Majaliwa, aliyeogopa maradhi kama paka anavyoogopa maji, akatoa amri, nayo ikapigiwa mbiu ya pembe mtaa kwa mtaa: "Mtu yeyote asitoke nyumbani mwake, wala asiingie nyumbani mwa mwenziwe. Atakayeonekana nje atatiwa gerezani miezi sita, yeye na jamaa zake." Chakula kikawa kinagawiwa na askari mlango kwa mlango.

Na amri ile, tuseme haki ya Mungu, ilikuwa njema. Watu walikaa ndani, homa ikapungua, ikawa mwezi mzima umepita bila ya kuzikwa mtu, kisha wa pili, kisha wa tatu. Lakini Sultani kila akiulizwa amri itaondoka lini, hujibu, "Ngojeni kwanza." Wakangoja. Watoto waliojifunza kutembea wakati ule walidhani dunia inaishia kizingitini.

Mwenyewe Sultani hakungoja. Alikuwa na shamba la michungwa nje ya mji, na kila Alhamisi alikwenda huko kupunga upepo, amekaa ndani ya machela yake ya fahari, yenye paa la mbao, mapazia ya hariri pande zote nne na kijimlango cha mbele, imebebwa na watumishi wanane. Watu wakawa wanachungulia madirishani na kunung'unika. Manung'uniko yalipofika jumbani, Waziri Mselemu, ambaye ulimi wake ulikuwa laini utadhani umepakwa samli, alitoka barazani akatangaza, "Enyi watu, mbona hamfahamu? Kila chenye paa, kuta nne na mlango ni nyumba. Bwana wetu yumo nyumbani mwake, hajatoka."

Mtu mmoja akauliza kutoka dirishani, "Na hao wanaombeba, Mheshimiwa?"

Waziri akajibu bila kupepesa macho, "Hao ni nguzo."

Hukumu hiyo ikaandikwa, ikapigwa muhuri wa Sultani, na watu wakafunga madirisha yao.

Sasa, aliyeuliza swali lile alikuwa Vuai, mwezekaji wa mapaa ya makuti, fukara asiye na mbele wala nyuma. Mjini walimwita mjinga, kwa kuwa neno akiambiwa hulishika kama lilivyo. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Usishuke juu ya paa mpaka umalize kazi," naye akala huko huko juu, akalala huko huko siku tatu. Huyu Vuai alikuwa na mke wake Kazija, na watoto wanne, na wa tano kitoto cha kike cha miezi saba ambacho hakikuwa na jina.

Usishangae. Kwa jamaa za Kazija mtoto haitwi jina mpaka bibi yake, mzaa mama, amkalishe mapajani na kumnong'oneza jina hilo sikioni. Akitangulia mtu mwingine, amemvunjia bibi heshima, na ugomvi wake hauishi leo wala kesho. Na bibi mwenyewe, Bi Time, alikaa Mchangamle, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Basi nyumbani kwa Vuai wakawa wanakiita kitoto "Huyu". Mpe Huyu uji. Mtazame Huyu asije akaanguka.

Siku moja askari wa kugawa chakula akaleta salamu kutoka Mchangamle. Bi Time amedhoofika, si kwa homa, ila kwa uzee. Hali kitu ila uji mwepesi, na kila siku anauliza mjukuu wake yuko wapi. Kazija akakaa chini akalia.

"Mume wangu," akasema, "mama atakufa na jina la mwanangu mdomoni."

Vuai akamtuma askari yule kwa Waziri kumwombea ruhusa ya siku moja tu. Jibu likarudi, "Kila mtu ana bibi." Maneno yale yalimuuma sana. Hakula usiku ule, na kulipokucha akaenda uani, akatoa fito zake, kamba zake na makuti makuukuu mepesi, akaanza kazi. Kazija akamuuliza anajenga nini. "Nyumba," akajibu, "ya Alhamisi."

Ikawa Alhamisi asubuhi lango la ua wa Vuai limefunguliwa, na ikatoka nyumba. Nyumba nzima, bwana wee: paa la makuti, kuta nne za mikeka, mlango wa jamvi, ila sakafu ndiyo haikuwapo. Pembe za mbele zilishikwa na Vuai, pembe za nyuma zikashikwa na Kazija, Huyu kafungwa mgongoni kwa kanga, na watoto wanne wanatembea katikati pamoja na sufuria, mihogo ya kuchoma na kuku mmoja aliyefungwa mguu. Walipokutana na askari wa doria walisimama, wakaiweka nyumba chini, wakanyamaza. Askari waliizunguka, wakatazamana, wakaondoka zao, maana hakuna aliyekuwa tayari kwenda kumwambia mkubwa wake kwamba ameona nyumba inatembea.

Watoto walifurahi mpaka wakachoka kwa kufurahi. Miezi saba hawajakanyaga umande! Kila hatua kumi walitaka nyumba isimame, mmoja achungulie kobe, mwingine aokote embe lililoanguka, na Vuai alisimama kila mara. Kuku naye akataga njiani, wakalibeba yai.

Njia ya Mchangamle ilipita shambani kwa Sultani. Walipofika usawa wa michungwa, akida wa askari akawaona, akakimbilia mbele, akapaza sauti, "Nani humo? Simama!"

Nyumba ikasimama. Binti mkubwa wa Vuai, Chumu, mwenye miaka tisa, akatoa kichwa mlangoni. "Shikamoo, akida. Tupo nyumbani."

"Baba yako yuko wapi? Mwambie aseme."

"Baba leo ni nguzo," akasema Chumu, "na nguzo hazisemi."

Akida akataka kuingia kwa nguvu, akakumbuka kwamba amri imemkataza yeye pia kuingia nyumba ya mtu. Akarudi kwa Sultani amechanganyikiwa. Sultani akaona ajionee mwenyewe, akachukuliwa ndani ya machela yake, Waziri akifuata pembeni chini ya mwavuli, mpaka zile nyumba mbili zikawa mlango kwa mlango. Sultani akafungua pazia. Mbele yake kuna jamvi limeteremshwa, nyuma ya jamvi sauti ya mwanamke anambembeleza mtoto, na harufu ya mihogo. Naye Sultani, pamoja na uoga wake wote, alilelewa na mama mwenye adabu.

"Hodi," akasema.

Kuku tu ndiye aliyeitikia.

"Hodi tena."

"Karibu, bwana," Kazija akaitikia, "lakini nyumba yetu ni ndogo."

Hapo Vuai akaweka pembe zake chini, akainua jamvi, akapiga magoti mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Bwana wangu Sultani, nguzo inaomba ruhusa ya kusema."

"Sema, kisha nikufunge. Unajua umevunja amri yangu?"

"Amri yako naiweka juu ya kichwa na macho. Ninalo paa, ninazo kuta nne na mlango. Nawe bwana wangu umebisha hodi mara mbili, mbele ya akida na mbele ya Waziri. Mtu habishi hodi kwenye tenga la kuku."

Waziri Mselemu akaona mambo yanaharibika, akasogea. "Bwana, hii ni hila ya mjinga. Nyumba haitembei."

"Labda," akasema Vuai kwa unyenyekevu. "Lakini ikiwa nyumba haitembei, basi kuna mtu ametoka nyumbani mwake kila Alhamisi, naye anapaswa kufungwa miezi sita, yeye na jamaa zake. Mimi ulimi wangu haufiki kumtaja. Amtaje Mheshimiwa Waziri."

Waziri akamtazama Sultani, akaitazama machela, akayatazama machungwa.

"Mnakwenda wapi?" Sultani akauliza taratibu.

Kazija ndiye aliyejibu. "Kwa mama yangu, bwana. Mtoto huyu ana miezi saba hana jina, na mama hana siku nyingi. Hatukutaka kingine."

Sultani akaona haya, akashuka kutoka kwenye machela kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akalitazama paa la makuti na kuku aliyefungwa mguu, akacheka mpaka kilemba kikakaa upande. "Tangu kesho," akasema, "kila nyumba itapewa siku yake ya kutoka kwenda kutazama wazee wao, bila kuchanganyika na wengine, mpaka tuhakikishe homa imekwisha. Na wewe Vuai, umemchosha mkeo. Nyumba hii inahitaji nguzo mpya. Waziri, shika pembe za nyuma."

Basi Bi Time wa Mchangamle, akiwa amelala kitandani, alisikia hodi, akafungua macho, akaona nyumba imekuja mlangoni kwake, na chini yake Waziri wa Kitumbani anatiririka jasho. Waziri akaomba maji. Chumu akasema nguzo hazinywi. Bi Time akamgombeza, akaamuru apewe.

Kisha akamchukua Huyu mapajani, akainama, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu, hata Kazija akashindwa kuvumilia.

"Umemwita nani, mama?"

"Mgeni," akasema Bi Time. "Nimemngoja sana."

Mimi niliyekusimulia nyumba yangu haina miguu, kwa hiyo nabaki hapa hapa. Wewe mwenye mama wa kumtazama, usikawie.