Singo la Chini ya Bwawa

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana mimi mwenyewe nilisimuliwa nikiwa namenya mihogo kama ninyi hapa, kwa hiyo visu viendelee, palikuwa na bwawa. Si ziwa, si mto. Bwawa la kuchimbwa. Wanyama wa kwanza waliziba kijito kwa tuta la udongo, maji yakajaa, kila mmoja akajenga nyumba yake ukingoni.

Hapo ndipo alipokaa Bi Chura. Mdogo, macho yamemtoka, mdomo haumtulii. Katikati ya bwawa palikuwa na jiwe refu, na mama yake alimfundisha kupiga mbizi kutoka jiwe hilo. "Ruka kichwa kwanza, mwanangu," alimwambia. "Chini hutafika hata ukitaka."

Siku moja kiangazi kikianza, Bi Chura akapanda jiweni, akajinyoosha, akaruka kichwa kwanza.

Pwaa!

Alizama kwenye tope mpaka kiunoni, miguu ikabaki juu inapiga hewa. Haya, chekeni. Yeye hakucheka. Alipojichomoa alikaa palepale akalia, kwa sababu mwaka uliopita maji yalikauka mapema, na watoto wake wote, viluwiluwi wenye mikia tu, walikufa juani kabla hawajaota miguu. Sasa alikuwa na wengine. Walijaa kwenye kijidimbwi chini ya jiwe, wanatikisa mikia, hawajui lolote.

"Hawa sikubali," akasema, akajifuta machozi. "Hawa wataota miguu, jua litake lisitake."

Akaenda moja kwa moja kwa Kiboko, aliyekuwa ametulia majini, kichwa tu ndicho kinachoonekana.

"Hodi, mjomba!"

"Karibu, Chura. Ila kelele zako ziache nje."

"Mjomba, bwawa linajaa tope. Matete ya ukingoni mmeyala na kuyakanyaga, mvua ikinyesha udongo wote wa mlimani unaporomoka humu. Kila mwaka kidogo, kila mwaka kidogo. Tuchimbe, mjomba, tupande matete mengine."

"Ho ho hooo! Mtoto wewe! Siku niliyooa maji yalinifika hapa shingoni. Leo yananifika wapi?"

"Shingoni."

"Sasa bwawa limepungua wapi?"

Bi Chura akachungulia chini ya maji. Jamani! Kiboko alikuwa amepiga magoti! Mwaka hata mwaka alikuwa anakunja miguu kidogo, na kidogo tena, ili maji yamfike palepale alipoyazoea, na mwenyewe hana habari.

"Mjomba, mbona umepiga magoti?"

"Nani? Mimi?" Kiboko akafura. "Kiboko hampigii mtu magoti! Toka nyumbani kwangu!"

Bi Chura akatoka mbio. Akamwendea Bi Ndovu, akamkuta anang'oa tete la mwisho mwisho la upande ule, anatafuna kwe! kwe!

"Dada, hayo matete ndiyo yanayozuia udongo."

"Ni matamu pia," akasema Bi Ndovu.

"Bwawa linakufa, dada."

"Linakufaje? Zamani nikitaka kugusa chini nilikuwa naingia maji mpaka machoni. Siku hizi nasimama hapa kavu kabisa, naunyoosha mkonga, huyo, nimefika. Mimi naona bwawa limetengenea."

Mnaona watu hao? Mmoja amepiga magoti hajui, mwingine anafurahia kina kinavyoisha. Bi Chura alikasirika mpaka koo likamvimba. Lakini hakurudi nyumbani kununa. Alikaa juu ya jiwe lake akafikiri.

Na akakumbuka ngoma.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, wanyama wa bwawa walikuwa na ngoma ya mashindano. Kundi la Kiboko likiitwa Nyota ya Maji, kundi la Bi Ndovu likiitwa Mlima Hautikisiki. Wawili hao wasingelala njaa kwa ajili ya bwawa, lakini kwa ajili ya kumshinda mwenzake siku ya ngoma, wangelala njaa, wangelala juu ya miiba, wangelala wamesimama.

Kesho yake Bi Chura akapita mbele ya nyumba ya Bi Ndovu, anajipitisha taratibu, anaimba kidogo kidogo. Ngozi yake inang'aa ng'aring'ari. Ngozi ya chura inang'aa siku zote, lakini nani amewahi kumtazama?

"We Chura! Umepaka nini?"

"Mimi? Wala."

"Usinifiche!"

"Aka, dada, nitagombana na watu." Akasogea karibu, akanong'ona: "Ni singo."

Basi! Mnajua singo. Bibi harusi akiwekwa ndani husuguliwa singo mpaka ngozi inalainika kama ya mtoto. Bi Ndovu, mwenye ngozi kama gome la mti, masikio yakamsimama.

"Singo la wapi?"

"La chini ya bwawa. Tope zito, jeusi, la katikati. Lakini lina masharti. Unalichota mzigo mzima, unapanda nalo mpaka nyuma ya kilima, huko ndiko unakojipaka. Likikauka unalikung'uta hukohuko. Ukilirudisha majini hata tonge, limeharibika. Na kila mzigo mmoja ulipiwe kwa kupanda tete moja ukingoni. Usipopanda, singo litakuwasha. Na tete ulilopanda huli, maana ukilila umekula uzuri wako mwenyewe."

"Kiboko anajua?"

"Hajui kitu yule!"

Jioni Bi Chura akajipitisha kwa Kiboko. "Mimi, mjomba? Wala sikupaka kitu..." Mnajua yaliyofuata.

Basi asubuhi Bi Ndovu anachota, chwaka! chwaka! anapanda kilima, anahema. Jioni Kiboko anachota, na mgongo wote tope, anapanda kilima anaguna. Wakaleta wake, waume, wajomba, wote wa makundi yao. Kila mmoja anadhani mwenzake hajui. Katikati ya bwawa pakaanza kutokea shimo, maji yaliyosambaa yakakusanyika humo, yametulia, ya baridi. Bi Chura akawahamisha watoto wake mle, mmoja mmoja, na wa mwisho alipoingia akambusu.

Lakini Bi Ndovu ni mvivu. Siku moja akachota mzigo wake, akatazama huku na huku, akaondoka bila kupanda tete.

Bi Chura alimwona. Akaenda porini na jani pana mkononi, akachuma upupu. Eeh, upupu, ule unaokuwasha mpaka unatamani kuvua ngozi. Akaufikicha kwenye tope lililorundikwa nyuma ya kilima, kabla Bi Ndovu hajajipaka.

Punde tu bwawa zima likasikia: "Uuuwi! Nakufaaa!" Bi Ndovu anakuja mbio, anajisugua kwenye mawe, kwenye miti, kwenye ukuta wa jikoni kwake, na ukuta ukaanguka, pu!

"Pole, dada! Kwani ulipanda tete?"

"Nimesahau moja! Moja tu!"

"Wewe umesahau. Singo halisahau."

Tangu siku hiyo Bi Ndovu alipanda matete mpaka ya ziada, na mtoto wake akinyoosha mkonga kuonja jani, anachapwa kofi, paa!

Siku ya ngoma ikafika. Nyota ya Maji wakaingia wanang'aa. Mlima Hautikisiki wakaingia wanang'aa. Kila kundi likalitazama la pili, midomo wazi. Kabla hawajaanza kutukanana, ngurrrr! Mvua! Mvua ikanyesha ile yenyewe, mchana na usiku, na udongo wa mlimani ulipokuja mbio kuingia bwawani ulikuta matete yamesimama yameshikana mizizi. Ukakwama hapo.

Mvua ilipokatika, Kiboko akaingia bwawani kwa madaha, akapiga magoti kama kawaida yake.

Glu! Glu! Glu!

"Nakufa! Naniii! Nani kaongeza maji?"

"Simama, mjomba!" Bi Chura akapiga kelele kutoka jiweni.

"Nimesimama!"

"Hujasimama! Nyoosha magoti!"

Kiboko akanyoosha. Akanyoosha tena. Akapanda juu, juu, miguu ikalia kwa kukosa mazoea, mpaka akasimama wima, na maji yakamfika hapa. Shingoni. 

"Kumbe nilikuwa nimepiga magoti," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Ndovu naye alikuwa ameshaelewa. "We Chura! Ina maana lile singo..."

"Tope, dada. Tope tupu. Mmelichimba bwawa lote kwa mikono yenu, na sherehe juu."

"Na ule muwasho?"

"Upupu."

"Nitakukanyaga leo!"

Bi Chura akajinyoosha juu ya jiwe, kichwa kwanza, chubwi! Bi Ndovu akatumbukiza mkonga kumtafuta. Akaunyoosha, akaunyoosha, chini haufiki. Akaingia mpaka kifuani, akaunyoosha. Haufiki. Akaingia mpaka machoni, kama enzi za zamani, maji yakamjaa puani, akapiga chafya kubwa, chaaaa! Na katika chafya ile wakaruka juu vyura wadogo, wengi, wanacheka, na kila mmoja ana miguu minne.

Bi Ndovu akawatazama wakitua juu ya matete yake. Akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka bwawa likapiga mawimbi.

Na Bi Chura? Alikuwa bado anashuka. Anashuka tu, macho wazi, anamkumbuka mama yake, na furaha imemjaa mpaka kooni, maana chini hakufika.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukitaka kujua kama maji yako yamepungua, usiiulize shingo, yaulize magoti.

Hadithi imezama hapo. Nileteeni hiyo mihogo nione nani alikuwa anamenya na nani alikuwa anakula.